Kama jiwe kongwe kuliko yote la Dunia liko Mwezini, tutalitambuaje?

#1 MchungaNyota (mleta mada)
Wakuu, habari zenu.

Kuna jambo linanikosesha usingizi wiki nzima. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 na ushee. Lakini ukitafuta mwamba mzima ulio mkongwe na usio na ubishi mkubwa, unaishia Acasta kule Kanada, miaka bilioni 4.03. Ukirudi nyuma zaidi unabaki na chembe za zirkoni za Jack Hills, Australia, kongwe zaidi ikiwa na miaka bilioni 4.4, na chembe zenyewe ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Miaka nusu bilioni ya mwanzo ya sayari yetu imefutika. Miamba yake ilizama, ikayeyuka upya, ikasagwa na mvua na mito.

Mwezi hauna mvua wala mito. Na enzi zile asteroidi zilipokuwa zikiitwanga Dunia, mawe yalirushwa mpaka nje ya angahewa na mengine yakaangukia Mwezini. Mwaka 2002 watafiti Armstrong (si yule Neil wa Apollo), Wells na Gonzalez walikaa wakapiga hesabu hiyo, wakajumlisha na mawe ya Mirihi na Zuhura.

Swali langu: katika zile kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezi walizoleta wanaanga wa Apollo, inawezekana tunacho kipande cha Dunia ya kale ndani ya kabati na hatujakitambua? Na cha Mirihi au Zuhura je? Mwenye kupinga apinge, ila atoe sababu.

#2 KijanaWaRoketi
Mkuu hili si lilishaisha? Apollo 11 walileta jiwe la kilo 9, mwaka 2019 likapimwa, likaonekana limetoka Duniani. Linaitwa Big Bertha. Uzi ufungwe.

#3 MzeeWaMiamba
Kijana, taratibu. Hapo umekosea mara tatu.

Kwanza, ni Apollo 14, Februari 1971. Alan Shepard ndiye aliyeliokota, karibu na ukingo wa kreta ya Cone. Namba yake ni 14321. Apollo 11 yote ilirudi na kilo 21 na kitu, na hakuna jiwe la ukubwa huo humo.

Pili, hakuna aliyesema jiwe zima ni la Dunia. 14321 ni breksia, yaani mabaki ya mawe mengi yaliyovunjwa na migongano yakashikana tena. Kinachodaiwa ni kipande kimoja kilichomo ndani, uzito wake kama gramu 2.

Tatu, "likaonekana" ni neno zito mno. Bellucci, Nemchin, Kring na wenzao walipendekeza. Kupendekeza ni kufungua mlango, na walioingia kubisha ni wengi.

#4 KijanaWaRoketi
Nimekubali mzee, asante kwa kunirekebisha. Ila sasa ndiyo nimepata hamu zaidi. Gramu 2 ndani ya kilo 9 waliionaje, na walijuaje si ya Mwezi?

#5 BintiHadubini
Naomba nilijibu hili, maana kazi yangu ni kukata mawe na kuyatazama.

Jiwe tunalikata bapa, tunaligandisha kwenye kioo, tunalisaga mpaka libaki na unene wa maikromita 30. Hapo hata jiwe jeusi tii mwanga unapenya. Ukiweka vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, kila madini yanajitaja yenyewe: olivini inawaka rangi kama za manyoya ya tausi, feldispa inatoka na mistari ya kijivu na nyeupe, na glasi inabaki giza hata uizungusheje. Mawe ya Mwezi yamejaa feldispa, piroksini na olivini. Kipande cha 14321 kina kwazi, feldispa na zirkoni, yaani ni ndugu wa graniti. Kwenye Mwezi hicho ni kitu adimu, hakikosi kuonekana.

Kisha wakaenda kwenye zirkoni. Kiasi cha titani ndani ya zirkoni kinaeleza joto lilikuwa kiasi gani ilipokua, na madini ya seri yanaeleza kulikuwa na oksijeni huru kiasi gani kwenye uji wa mwamba. Majibu yakatoka ya ajabu kwa Mwezi: joto la chini, oksijeni nyingi. Wakakadiria na mgandamizo. Kwa Dunia mgandamizo huo unaupata kilomita 20 hivi chini ya ardhi. Kwa Mwezi, kwa kuwa mvutano wake ni mdogo, ungelazimika kushuka zaidi ya kilomita 160.

Kwa hiyo simulizi wanayoitoa ni hii: kipande kiliganda ndani ya Dunia miaka bilioni 4.0 hadi 4.1 iliyopita, migongano ikakifukua, mmoja ukakirusha, kikafika Mwezini, miaka bilioni 3.9 iliyopita kikayeyushwa kiasi na kufukiwa ndani ya breksia. Halafu miaka milioni 26 tu iliyopita kreta ya Cone ikachimbika na jiwe likatupwa juu, likamsubiri Shepard.

#6 MchungaNyota
Dada umeandika hadi nimekiona. Asante sana.

#7 SijashawishikaBado
Simulizi nzuri haitoshi. Nina hoja mbili.

Graniti ya Mwezi ipo. Ni chache lakini ipo. Sampuli 12013 ya Apollo 12 ina sehemu za aina hiyo hiyo, na Apollo 14 yenyewe imeleta vipande vingine kadhaa. Waliopinga hoja ya 2019 walitazama elementi adimu za kipande hiki wakasema vinafanana na ndugu zake wa Mwezini. Kama mtoto anafanana na majirani wote, kwa nini useme ametoka ng'ambo?

La pili, zirkoni ile imepitia kipigo. Imepashwa moto na kutikiswa miaka bilioni 3.9 iliyopita. Nani ananihakikishia kwamba titani na seri tunazopima leo ndizo zilizokuwemo ilipozaliwa?

#8 BintiHadubini
Hoja ya pili ni nzito, naikubali. Ila ya kwanza inakubana na wewe pia. Ukisema ni ya Mwezi, utuambie ule uji wa mwamba ulipata wapi oksijeni nyingi kiasi hicho, wakati Mwezi karibu wote ni mkavu na sehemu ya chuma chake inakaa kama chuma kitupu.

#9 SijashawishikaBado
Mfuko mmoja mdogo wenye hali tofauti unatosha. Mwezi ni mkubwa, na wanaanga wametembea sehemu sita tu.

#10 HesabuKwanza
Ngoja nilete namba, maana mleta mada amewataja Armstrong na wenzake bila kusema walichopata.

Makadirio yao: kwenye udongo wa juu wa Mwezi, nyenzo za Dunia ni kama sehemu 7 katika milioni. Katika eneo la kilomita 10 kwa 10 hizo ni kama kilo 20,000. Eneo hilo hilo lina hadi kilo 180 za Mirihi, na kati ya kilo 1 na 30 za Zuhura.

Tuiweke kwenye kabati la Apollo. Gramu 382,000 mara 7 gawa kwa milioni ni gramu 2.7 za Dunia. Za Mirihi kwa uwiano huo ni miligramu 24. Za Zuhura hazizidi miligramu 4, na zinaweza kushuka hadi sehemu ya kumi ya miligramu moja.

Chang'e 5, chombo cha China, ilileta gramu 1,731 kutoka Mwezini. Humo tarajia miligramu 12 za Dunia.

#11 KijanaWaRoketi
Gramu 2.7! Na kipande cha 14321 ni gramu 2! Wakuu mnaona ninachokiona?

#12 HesabuKwanza
Nakiona, na nakuomba usikipende sana. Makadirio yale ni ya udongo uliochanganyika, chembe moja huku nyingine kule. Hayasemi gramu zote zitakaa kwenye donge moja. Na sehemu 7 ni namba ya katikati ya mfululizo mpana. Kufanana huko ni bahati mpaka ithibitike vinginevyo.

#13 MwalimuWaJiografia
Wanafunzi wangu huniuliza swali ambalo hamjaligusa. Ili jiwe litoke Duniani linahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde, na katikati kuna angahewa. Kitu kikienda hivyo chini huku si kinaungua? Na kikifika Mwezini hakuna hewa ya kukipunguzia mwendo, kinajibamiza kwa angalau kilomita 2.4 kwa sekunde. Kinabaki nini hapo zaidi ya moshi?

#14 MzeeWaMiamba
Mwalimu, hili ndilo swali la msingi.

Anza na kuondoka. Asteroidi kama ile ya Chicxulub, miaka milioni 66 iliyopita, ina upana wa kilomita 10 hivi. Ikigusa ardhi, mgongo wake bado uko kwenye kimo cha ndege za abiria. Angahewa mbele yake ni utando, inautoboa na kuusukuma pembeni. Mawe yaliyo juu kabisa ya ardhi, pembezoni mwa mgongano, hurushwa kwa kasi kubwa bila kupondwa sana, kwa sababu wimbi la mgandamizo likifika kwenye uso huru hupoteza nguvu. Tuna ushahidi mkononi: kimondo cha Mirihi ALH84001. Usumaku wake ulionyesha kuwa sehemu za ndani hazikupita nyuzi 40 za Selsiasi tangu kabla hakijatoka Mirihi hadi kilipotua Antaktika. Nyuzi 40, mwalimu. Ni homa ya mtoto.

Kutua ndiko kwenye mgogoro. Mwaka 2008 Crawford na wenzake waliiga migongano hiyo kwenye kompyuta, wakaona kuwa jiwe haliumii sawasawa kote. Upande wa mbele unapondeka, upande wa nyuma unaweza kuponea, hasa likitua kwa kulaza na kwenye udongo uliolegea. Vipande vitakavyobaki ni vidogo, lakini ni mawe bado.

#15 MwalimuWaJiografia
Nimeridhika na kuondoka. Kutua naomba nibaki na wasiwasi wangu. Asante mzee.

#16 KijanaWaRoketi
Jamani, mbona tunazunguka? Vimondo vya Mirihi vinatambuliwa kwa isotopu za oksijeni. Wapime oksijeni ya kile kipande, mchezo umekwisha.

#17 BintiHadubini
Kijana una haraka kama roketi yako. Sikiliza.

Oksijeni ina isotopu tatu, yaani atomi za uzito tofauti: 16, 17 na 18. Ukipima uwiano wake, kila sayari inakaa kwenye mstari wake. Mirihi imejitenga na sisi kwa sehemu 0.3 hivi katika elfu, na kwa mashine za leo hiyo ni tofauti kubwa. Chembe ya Mirihi ndani ya udongo wa Mwezi ingejulikana kwa oksijeni peke yake.

Lakini Dunia na Mwezi vinakaa mstari mmoja. Herwartz na wenzake walisema mwaka 2014 kuna tofauti ya sehemu 12 katika milioni. Mwaka 2016 Young na wenzake wakapima, wakasema hakuna. Mwaka 2020 Cano na wenzake wakasema tofauti inategemea aina ya mwamba wa Mwezi. Hata mshindi angekuwa nani, hiyo si rungu ya kumalizia ubishi wa kipande cha gramu 2.

#18 MchungaNyota
Subiri kwanza. Kama Mwezi ulitokana na Dunia changa kugongana na sayari nyingine, ile wanayoiita Theia, basi tunatafuta sayari ya kigeni ndani ya kitu ambacho chenyewe kimetengenezwa na sayari ya kigeni?

#19 MzeeWaMiamba
Ndiyo, ila usichanganye. Theia iliyeyuka na kuvurugika, huwezi kuokota jiwe lake. Sisi tunatafuta jiwe lililofika likiwa jiwe.

Na mawe ya namna hiyo kutoka kwenye asteroidi tayari yapo. Udongo wa Apollo 12 ulitoa kipande cha kimondo chenye kaboni, kinaitwa Bench Crater. Apollo 15 ikatoa kingine, Hadley Rille, cha ukoo tofauti kabisa. Mwaka 2012 Joy na wenzake wakakuta vipande vya vimondo ndani ya breksia za kale za Apollo 16. Kwa hiyo tusiulize kama mgeni anaweza kupona Mwezini. Amepona. Tuulize kama mgeni kutoka Dunia amo miongoni mwao.

#20 KijanaWaRoketi
Na Wachina nao wamepata. Zile gramu 1,731 za upande wa nyuma wa Mwezi zimekutwa na vimondo vya aina adimu sana.

#21 HesabuKwanza
Gramu 1,731 ni za Chang'e 5, Desemba 2020, upande huu unaotutazama. Nimeandika juu kule, #10. Za upande wa nyuma ni Chang'e 6, Juni 2024, gramu 1,935.3, kutoka ndani ya bonde la South Pole–Aitken. Hilo la vimondo uko sahihi: mwaka 2025 walitangaza vipande vyenye olivini wanavyovihusisha na vimondo vya aina ya CI, jamii moja ya vimondo vyenye kaboni, na oksijeni ndiyo iliyowasaidia kuvitambua. Duniani vimondo vya CI ni nadra kwa sababu ni laini na vinachakaa haraka.

#22 KijanaWaRoketi
Leo ni siku ya kurekebishwa. Naendelea kujifunza wakuu.

#23 NyotaYaAlfajiri
Mmeongea Dunia na Mirihi, Zuhura mmeipita kama kituo kisicho na abiria. Mimi nasema ndiyo inayostahili kutafutwa kuliko zote.

Uso wa Zuhura wa leo umefunikwa na lava, umri wake kwa wastani ni miaka mia kadhaa ya mamilioni tu. Kama iliwahi kuwa na bahari, ardhi ya enzi hizo imefunikwa au imeyeyuka. Cabot na Laughlin waliandika mwaka 2020 kwamba kama Zuhura ilikuwa na hewa nyepesi zamani, mawe yake yangeweza kurushwa na sehemu yake ikatua Mwezini. Leo haiwezekani kirahisi, hewa yake inagandamiza mara 90 kuliko yetu. Kwa hiyo kipande kikipatikana, kitatueleza mambo mawili kwa mpigo: ardhi ilikuwaje, na hewa ilikuwaje.

#24 SijashawishikaBado
Utakitambuaje? Hakuna aliyewahi kushika jiwe la Zuhura. Oksijeni yake haijapimwa. Vyombo vichache vya Kisovieti, kama Venera 13 na 14 zilizotua mwaka 1982, vilipima kemia ya miamba michache huko huko, basi. Unamtafuta mtu ambaye hujaona picha yake.

#25 NyotaYaAlfajiri
Kwa hewa iliyonaswa ndani ya jiwe. Ndivyo vimondo vya Mirihi vilivyotambuliwa: kimondo EETA79001 kilikutwa na gesi ndani ya glasi yake, na mwaka 1983 zikalinganishwa na zile ambazo vyombo vya Viking vilipima Mirihi mwaka 1976, zikaoana. Hewa ya Zuhura tumeshaipima. Uwiano wa isotopu mbili za gesi ya argoni, 40 kwa 36, kwa Dunia ni karibu 300, kwa Mirihi kama 1,900, kwa Zuhura ni kama moja kwa moja. Hiyo ndiyo picha yake.

#26 MzeeWaMiamba
Hoja nzuri sana dada, ila kuna mtego. Upepo wa Jua umekuwa ukipandikiza argoni 36 kwenye udongo wa Mwezi kwa mabilioni ya miaka, na argoni 40 inayovuja kutoka ndani ya Mwezi nayo inapandikizwa humo humo. Ukipima udongo wa kawaida wa Mwezi utakuta uwiano unaocheza karibu na moja, mara nusu, mara kumi na zaidi. Kila punje ya vumbi itakuambia imetoka Zuhura.

#27 NyotaYaAlfajiri
Basi gesi itolewe kwenye kiini cha kipande. Upepo wa Jua hauzami hata maikromita moja ndani ya chembe. Punguza ngozi ya nje, pima kilichobaki.

#28 MzeeWaMiamba
Kwa kipande cha milimita kadhaa, sawa. Kwa miligramu 4 za HesabuKwanza zilizotawanyika katika kilo 382, nakutakia subira.

#29 FundiWaSampuli
Nimekuwa msomaji kimya, ila hili la kutambua limenigusa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nang'arisha kipande cha kimondo kwenye maabara moja. Nikaona chembe ya buluu inayometa, kingo kali, imekaa ndani ya ufa mwembamba. Siku nne nzima sikulala vizuri. Nilikwisha kuipa jina kichwani. Siku ya tano mwenzangu akachukua unga wetu wa kusagia, akaunyunyiza kwenye kioo, akaniita nitazame. Chembe zile zile, buluu ile ile. Silikoni kabidi ya mashine yetu wenyewe.

Tangu hapo mtu akiniambia ameona kitu cha Dunia ndani ya jiwe la Mwezi, swali langu la kwanza ni: kimeingia lini?

#30 SijashawishikaBado
Hii post ipewe heshima yake. Mkumbuke pia kamera ya Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichotua Mwezini kabla ya wanaanga. Apollo 12 waliirudisha, ikakutwa na bakteria ya Streptococcus mitis, watu wakashangilia kwamba kiumbe ameishi Mwezini miaka miwili na nusu. Uchunguzi wa baadaye ukaelekeza kidole kwenye uchafu wa maabara. Na asidi amino za kwenye udongo wa Apollo, zilipopimwa vizuri mwaka 2016, nyingi zilikuwa za hapa hapa kwetu, na kiasi kidogo kikatoka kwenye vimondo.

#31 MwalimuWaJiografia
Halafu kuna lile jiwe la jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Walikaa nalo kama jiwe la Mwezi, mwaka 2009 likapimwa likakutwa ni mti uliogeuka jiwe. Kijana, hilo ndilo jiwe la Dunia ulilokuwa unalitafuta.

#32 KijanaWaRoketi
Mwalimu umenimaliza.

#33 BintiHadubini
FundiWaSampuli pole, yaliyokukuta nayajua. Ila kwa 14321 uchafu hauingii kwenye mjadala. Kipande kimeshikwa katikati ya breksia, na kimeyeyushwa sehemu pamoja nayo miaka bilioni 3.9 iliyopita. Unga wa kusagia haufanyi hivyo.

#34 FundiWaSampuli
Kwa kipande hicho nakubaliana nawe. Hofu yangu iko kwenye chembe za udongo.

#35 BahariKavu
Samahani kwa kuchelewa. Kuna anayefikiria uhai? Jiwe la Dunia la miaka bilioni 4 likiwa na udongo wa mfinyanzi au chokaa ndani yake lingetuonyesha maji yalikuwaje, pengine na viumbe. Na si mawe tu: chombo cha Japani, Kaguya, kiliona ioni za oksijeni ya Dunia zikipeperushwa mpaka Mwezini, matokeo yakatoka mwaka 2017. Oksijeni hiyo imetolewa na mimea kabla ya kufika kule.

#36 MzeeWaMiamba
Karibu. Ndiyo, na mwaka 2005 Ozima na wenzake walipendekeza kwamba sehemu ya naitrojeni iliyo kwenye udongo wa Mwezi imetoka kwenye hewa yetu. Kama ni kweli, hewa ya Dunia ya kale imehifadhiwa kwenye ngozi za punje za vumbi.

Madini yenye maji ndiyo ningeyatafuta mimi. Mwezi mkavu hauyazai kirahisi, kwa hiyo yakionekana ndani ya kipande cha mwamba yanapiga kelele.

#37 SijashawishikaBado
Mzee, sampuli 66095 ya Apollo 16 ina kutu, na watu wamegombana miaka mingi kama kutu hiyo ni ya Mwezi au ya unyevu wa njiani. Na mwaka 2024 watafiti wa sampuli za Chang'e 5 walitangaza madini yenye molekuli za maji ndani yake, wakasema ni ya Mwezi. Kelele hizo zinatoka pande nyingi.

#38 MzeeWaMiamba
Haya, hapo umenibana. Basi nabadilisha: madini yenye maji, pamoja na umri zaidi ya bilioni 3.8, pamoja na potasiamu nyingi dhidi ya urani. Mwezi umepoteza potasiamu, uwiano wake ni kama 2,500 kwa moja, wa Dunia uko juu ya 10,000. Kigezo kimoja kinadanganya. Vitatu vikikubaliana nitavua kofia.

#39 MchungaNyota
Na mtu angekwenda kutafuta wapi, kama angepewa chombo kesho?

#40 MzeeWaMiamba
Chini ya lava. Udongo uliokaa juu umepigwa na vimondo vidogo na kusagwa mfululizo. Lakini kuna sehemu ambapo lava ilimwagika juu ya udongo wa kale ikaufunika. Sehemu ya juu ya udongo inaungua, ya chini inabaki salama, imefungiwa. Ukipata tabaka lililofungwa kati ya lava ya bilioni 3.8 na ya bilioni 3.5, unakuwa na udongo wa kipindi kile pekee, na wageni wake wote.

#41 HesabuKwanza
Kabla ya chombo cha kesho, nimefanya hesabu ya leo. Tuchukulie punje zinalingana ukubwa. Sehemu 7 katika milioni ni punje moja katika kila 143,000. Ukitazama punje moja kwa sekunde, unafika kwenye ya Dunia baada ya saa 40. Kazi ya saa nane kwa siku, ni siku tano.

#42 BintiHadubini
Siku tano tu? Nimewahi kukaa wiki tatu na punje ambayo mwishoni ilikuwa glasi tupu. Nileteeni trei.

#43 SijashawishikaBado
Sekunde moja ni ya kuiona. Kuitambua je?

#44 BintiHadubini
Ninazopita ni olivini, piroksini, glasi na feldispa ya kawaida. Ninazoziweka pembeni ni kwazi yoyote, zirkoni yoyote, na chochote kinachofanana na mika. Hizo nitampa FundiWaSampuli kwanza anihakikishie si unga wake, kisha Mzee apime potasiamu. Wewe utakaa mwisho wa meza.

#45 SijashawishikaBado
Nakubali kiti hicho.

#46 FundiWaSampuli
Mashine nitaisafisha mara mbili.